Divai nyekundu ya Ufaransa kwa mfuko mdogo: Uvira inalipia nini?

*Kamati za harusi huchanga kwa jasho, kisha fedha huishia kwenye chupa yenye jina kubwa na divai iliyopikwa na joto. Ipo njia ya kupata divai njema kwa bei ya kawaida.*

Saa nane mchana, jua la Uvira limeshafika kwenye rafu. Juu kabisa, mahali ambapo jicho la mteja hutua kwanza, zimesimama chupa za divai nyekundu kutoka Ufaransa. Lebo ina mchoro wa jumba lenye minara na maandishi ya dhahabu.

Ukiishika moja, kioo kina joto kama kikombe cha chai. Shingoni, chini ya kifuniko cha bati, kuna mchirizi mwekundu uliokauka, bado unanata kidoleni. Kizibo kimejiinua kidogo.

Mchirizi huo unaeleza yote. Divai ilipata joto ikatanuka, ikasukuma kizibo, ikavuja. Usiku ilipopoa ikanywea, na palipovuja hewa ikaingia. Kilichobaki ndani ni divai iliyochoka kabla haijafunguliwa, na ndiyo ya bei ya juu kuliko zote dukani.

Chini sakafuni, kivulini karibu na magunia ya sukari, kuna katoni nyingine. Imetoka kusini mwa Ufaransa, mavuno yake ni ya karibuni, na chupa zake zimefungwa kwa kifuniko cha kuzungusha. Lebo haina jumba wala dhahabu. Bei yake iko chini sana, na wateja wengi huipita bila kuitazama.

Hapo ndipo lilipo tatizo la mnunuzi wa Uvira mwenye fedha kidogo. Divai nzuri ya Ufaransa kwa bei anayoimudu ipo, lakini mara nyingi haiko kwenye rafu ya juu.

> Mwenye fedha kidogo na anunue divai changa, iliyotunzwa kivulini, yenye lebo inayojieleza.

Fedha ya wengi

Kwa kawaida hapa hakuna anayenunua katoni ya divai peke yake kwa ajili ya chakula cha jioni. Divai hununuliwa na kamati: ya harusi, ya ubatizo, ya kumpokea padri mpya, ya kuwapokea wakwe waliokuja kuleta mahari. Mjomba anatoa dola kumi, mama mkubwa anatoa faranga alizoweka akiba kwa kuuza ndagala, vijana wa kikundi wanaongezea.

Fedha hiyo ina macho mengi juu yake. Chupa inapofunguliwa kwenye meza ya heshima na ikatoa harufu ya siki, anayeaibika ni familia nzima.

Siku hizi aibu hiyo inauma zaidi. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na Desemba ya mwaka huo mapigano yakafika Uvira yenyewe, watu wengi wakakimbilia Burundi. Biashara iliyumba, akiba za watu zikaliwa. Wapo watakaouliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia divai.

Ni wakati wake hasa. Watu bado wanaoana, wanabatiza watoto na kupokea wageni. Kadiri fedha inavyopungua, ndivyo kila dola inavyostahili kununua kitu cha kweli.

Kuna jambo jingine ambalo kamati za Uvira zinalijua vizuri. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walianza kazi yao katika eneo hili mwaka 1921, na makanisa waliyoyaanzisha yamejaa mjini na katika bonde la Ruzizi. Katika harusi nyingi sehemu kubwa ya wageni hawagusi kileo. Kwa hiyo divai hainunuliwi kwa kuhesabu vichwa vyote. Kamati inayoanza kwa kujua ni meza zipi zinakunywa imeshaokoa fedha kabla haijafika dukani.

Safari ndefu ya chupa

Ili kujua kwa nini divai huharibika, fuata njia yake. Chupa iliyotoka bandari ya Ufaransa huvuka bahari ndani ya kontena la chuma hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo njia moja ni reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha meli hadi bandari ya Kalundu, kusini mwa mji. Njia nyingine hupitia Bujumbura, halafu kwa gari Gatumba hadi forodha ya Kavimvira.

Kila kituo kina jua lake. Kontena husubiri bandarini, katoni husubiri ghalani, lori husubiri mpakani. Kisha mzigo unafika katika mji ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, uliobanwa kati ya milima na ziwa, ambako mchana wa joto ni jambo la kila siku.

Divai hupenda kukaa mahali penye giza, pasipotikisika, penye nyuzi 12 hadi 15 hivi. Duka la bati hapa halifiki hapo hata usiku. Kwa wiki chache divai imara huvumilia. Kwa miezi mingi, harufu ya matunda hufifia, rangi huelekea kahawia, na ladha hubaki kama ya zabibu zilizochemshwa.

Kwa sababu hiyo, ushauri uliozoeleka Ulaya kwamba divai nyekundu huwa bora ikizeeka unampoteza mnunuzi wa Uvira. Huzeeka vizuri ile chache iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, tena ikikaa katika chumba baridi cha chini ya ardhi. Divai ya bei ya kawaida hutengenezwa inywewe ingali changa. Ukikuta chupa rahisi yenye mavuno ya miaka minane iliyopita, usidhani umeokota dhahabu. Iache.

Jumba kwenye lebo

Heshima ya chupa ya Ufaransa ina historia hapa. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa Wabelgiji, Mkongomani wa kawaida hakuruhusiwa kuuziwa divai. Ilikuwa kinywaji cha Mzungu na cha altare. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, kuweka chupa hiyo mezani kulikuwa na maana kubwa kuliko ladha yake. Baba zetu walistahili furaha hiyo, na hakuna wa kuwalaumu.

Wauzaji wa divai duniani wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana majumba yamejaa kwenye lebo. Katika sheria ya Ufaransa, neno *château* humaanisha kwamba zabibu zimetoka katika shamba linalotajwa. Halidai kuwepo kwa jumba la minara, wala halipimi ubora. Maneno *Grand Vin de Bordeaux* nayo hayaonyeshi daraja lolote rasmi.

Daraja maarufu la Bordeaux liliwekwa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris wakati wa Napoleon III, nalo linahusu mashamba machache ya bei kubwa mno. Ukiona jumba kwenye chupa ya bei ndogo, usilihusishe na orodha hiyo.

Hata hivyo Bordeaux haistahili kutupwa yote. Wafaransa wenyewe wamepunguza sana kunywa divai nyekundu tangu miaka ya 1960, na mkoa huo umebaki na ziada kubwa. Mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ilitangaza euro milioni 200 za kuondoa divai iliyozidi sokoni, igeuzwe alkoholi ya viwandani, na wakulima wa Bordeaux wakalipwa kung'oa sehemu ya mizabibu yao.

Maana yake ni kwamba huko kuna divai safi inayouzwa kwa bei ya chini kabisa. Mnunuzi atafute chupa iliyoandikwa *Bordeaux Supérieur* au *Côtes de Bordeaux*, ya mavuno ya karibuni, badala ya kufuata dhahabu ya lebo.

> Neno château linasema zabibu zimetoka wapi. Halisemi kama divai ni nzuri.

Kusini kuna nafuu

Kama kuna eneo moja ambalo mfuko mdogo unapaswa kulikariri, ni kusini mwa Ufaransa, kando ya Bahari ya Kati. Languedoc na Roussillon huzaa divai nyingi kuliko karibu mikoa yote ya nchi hiyo. Jua ni la kutosha, zabibu huiva bila shida, na ardhi haina bei ya majina makubwa.

Majina ya kutafuta ni Corbières, Minervois, Saint-Chinian, Faugères, Fitou na Côtes du Roussillon Villages. Divai hizi hutokana na zabibu za grenache, syrah na carignan. Zina matunda mengi, mwili mzito na ukali wa wastani, mambo yanayoendana na pilipili na nyama ya kuchoma.

Jirani yake ni bonde la mto Rhône. Côtes du Rhône ilipata hadhi yake rasmi mwaka 1937, na kwa pembeni ziko Ventoux na Costières de Nîmes, ambazo mara nyingi hutoa ladha ya aina hiyo kwa bei nafuu zaidi. Anayependa divai nzito atazame kusini-magharibi: Cahors inayotokana na malbec, au Madiran inayotokana na tannat. Anayependa nyepesi achukue Beaujolais.

Lebo za Ufaransa zina ngazi tatu. Ya juu ni AOC, ambayo siku hizi huandikwa pia AOP: eneo maalumu lenye masharti ya zabibu na mavuno. Ya kati ni IGP: eneo pana, masharti machache. *Pays d'Oc* ya Languedoc iko hapa, na kwa kawaida hutaja aina ya zabibu mbele ya chupa. Ya chini ni *Vin de France*, ambayo inaweza kuchanganya zabibu za nchi nzima.

Ngazi hizi zinaeleza asili na masharti. IGP ya mtengenezaji mwaminifu huishinda AOC ya mzembe. Kwa bei ya chini kabisa, *Pays d'Oc* yenye jina la zabibu na mwaka wa mavuno ni salama kuliko Bordeaux isiyojieleza.

Lipo pia suala la utamu. Wateja wengi wa kwetu hupenda divai tamu, na hilo halina ubaya. Neno *moelleux* kwenye chupa nyekundu humaanisha kwamba ina sukari, na *sec* humaanisha karibu haina. Kamati nyingi hununua *sec* bila kujua, kisha wageni wanakunja uso na divai njema inaonekana mbaya. Uliza kabla ya kulipa.

Pande zinazovutana

Wauzaji wana hoja nzito. Mteja anataka jumba, na muuzaji anaweka jumba. Fedha yake imefungwa katika mzigo uliopita forodha mbili au tatu, umeme unakatika, na chumba chenye baridi ni gharama asiyoweza kuirudisha kwa bei ya Uvira. Akileta chupa ya Minervois isiyojulikana, inaweza kumkalia.

Wanunuzi wanajibu kwamba wamechoka kulipia siki. Wanataka muuzaji aionje bidhaa yake, aitoe juani, na akubali kurudishiwa chupa iliyovuja.

Upande wa tatu unauliza kwa nini tununue Ufaransa kabisa. Reli inayoleta kontena kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma inapita Dodoma, penye mizabibu tangu misheni ya Bihawana ilipoanza kilimo hicho mwaka 1957, na ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Divai ya Afrika Kusini nayo inapatikana, na kasiksi ya ndizi ni ya kwetu wenyewe.

Hoja hiyo ni ya kweli, na Dodoma inastahili nafasi kwenye rafu za Uvira. Lakini kamati iliyoamua kununua ya Ufaransa, kwa heshima ya wakwe au kwa kuipenda tu, haistahili kudanganywa kwa sababu ya uamuzi huo.

Kanisa Katoliki limetatua jambo hili kwa upande wake. Sheria yake, katika kanuni ya 924, inadai divai ya misa iwe ya asili, itokane na zabibu, na isiwe imeharibika. Jimbo la Uvira limeishi na sharti hilo tangu lilipoundwa mwaka 1962. Masharti hayo matatu yanafaa kabisa kwa mnunuzi wa kawaida, na hakuna hata moja linalotaja jumba.

Hesabu ya glasi

Chupa ya sentilita 75 hutoa glasi sita za kawaida. Boksi la lita 3 ni sawa na chupa 4, yaani glasi 24. Boksi la lita 5 hutoa glasi 40.

Tuseme harusi ina wageni 200 na nusu yao hawanywi kileo. Waliobaki 100, kila mmoja akipata glasi mbili, ni glasi 200. Hizo ni lita 25: maboksi 5 ya lita 5, au chupa 34. Ikiwa kuna bia pia, nusu ya hapo inatosha.

Njia yenye busara ni kuchanganya. Nunua chupa sita nzuri za Corbières au Côtes du Rhône kwa meza ya heshima, na maboksi ya *Pays d'Oc* kwa meza nyingine. Boksi halina kioo wala kizibo, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yako inaingia kwenye divai.

Boksi lina udhaifu wake. Mfuko wa plastiki ulio ndani hupitisha hewa kidogo kidogo, na joto huharakisha jambo hilo. Tafuta tarehe ya kujazwa. Lililopita miezi sita katika joto la hapa halifai kununuliwa.

Jihadhari pia na rahisi kupindukia. Kioo, usafiri, forodha na faida ya kila mkono hulipwa sawa kwa chupa mbaya na nzuri. Katika chupa ya bei ya chini kabisa, kinachobaki kulipia divai yenyewe ni kidogo mno. Ukipanda kidogo tu kutoka hapo, karibu nyongeza yote inaingia kwenye divai.

> Chupa 34 au maboksi 5 ya lita 5: glasi mbili kwa kila mnywaji katika harusi ya watu 200.

Kabla ya kulipa

*Gusa kioo.* Kikiwa cha moto, omba chupa kutoka ghalani.

*Tazama shingo.* Mchirizi, kizibo kilichopanda au divai iliyoshuka sana chini ya shingo ni sababu ya kukataa.

*Inua kwenye mwanga.* Divai changa iwe nyekundu au zambarau. Kahawia ni dalili ya uchovu.

*Soma mwaka.* Kwa bei ya kawaida, usizidi miaka mitatu au minne.

*Soma lebo ya nyuma.* Divai halali kutoka Ufaransa hutaja nchi ilikotoka, kiwango cha alkoholi, ujazo, jina la aliyeijaza kwenye chupa, namba ya mzigo na taarifa ya salfaiti. Tahajia mbovu, karatasi iliyopinda au kifuniko kilichoguswa ni onyo kubwa.

*Pendelea kifuniko cha kuzungusha.* Kwa divai ya kunywa mapema katika nchi ya joto, hakiharibu chochote, na hakikauki kama kizibo cha chupa iliyosimama miezi mingi.

*Onja moja kwanza.* Nunua chupa moja, ifungue siku hiyo hiyo mbele ya wajumbe wawili wa kamati, kisha agiza katoni kutoka mzigo huo huo.

Baada ya sherehe, kwangua lebo za chupa tupu. Katika masoko yetu chupa tupu ina kazi nyingi: mawese, asali, petroli, hata lotoko. Chupa yenye lebo kamili ni mwaliko kwa mtu mwenye nia mbaya kuijaza maji, sukari, rangi na pombe asiyoijua yeyote.

Mezani

Divai nyekundu hunywewa kwenye nyuzi 16 hadi 18, joto la chumba cha Ulaya wakati wa baridi. Chumba cha Uvira kina zaidi ya hapo. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Umeme ukikosekana, barafu ya wauza samaki kwenye beseni la maji hufanya kazi hiyo kwa dakika kumi na tano. Divai ya bei ndogo iliyopozwa vizuri huishinda ya bei kubwa iliyomiminwa ikiwa moto.

Mbuzi wa mishikaki huenda vizuri na Minervois au Cahors. Sombe iliyoungwa kwa mawese inahitaji divai yenye matunda, kama Côtes du Rhône. Mukeke wa kuchoma, wenye mafuta na harufu ya moshi, hukubaliana na Beaujolais iliyopozwa zaidi, hadi nyuzi 13 hivi.

Chupa iliyofunguliwa ifungwe, irudi kwenye baridi, na iishe kesho yake. Dereva wa pikipiki, mama mjamzito na kijana mdogo wamiminiwe fanta. Divai ina alkoholi asilimia 12 hadi 14, karibu mara mbili au tatu ya bia.

Linalowezekana kuanzia wiki hii

Hali hii inaweza kubadilika bila sheria mpya. Muuzaji aondoe chupa kwenye rafu inayopigwa na jua, aandike kwa mkono tarehe mzigo ulipoingia, na akubali kubadilisha chupa iliyovuja. Kamati nayo iache kuuliza ni ipi yenye jina, ianze kuuliza ni ya mwaka gani, imelala wapi, na ni tamu au si tamu.

Kamati tatu au nne zikiuliza hivyo kwa muuzaji mmoja, katoni ya sakafuni itapanda rafuni. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, lakini hujiuza tu kwa mnunuzi anayejua anachokitafuta. Maarifa hayo hayana bei, na familia ya Uvira inayochanga dola kumi kumi ina haki ya kuwa nayo kabla ya kufungua mkoba.